Bai'a na Ardhi: Habari za Nchi za Hispania Kando ya Sahara na Jirani Yao Moroko

Neno bei twalitumia kila siku sokoni, wala hatuwazi lilikotoka. Asili yake ni Kiarabu, nalo lahusu kuuza. Na ndugu yake ni biashara, ambalo wenye elimu ya lugha hulieleza kuwa ni maneno mawili yaliyoshikana, kuuza na kununua. Katika shina lilo hilo Waarabu wana neno la tatu, bai'a, ambalo Waislamu wa pwani yetu walijua, lakini kwa wasomaji wetu wengi ni geni. Muuzaji na mnunuzi wakipatana hupeana mkono. Vivyo hivyo mtu akimkubali mwingine kuwa mkubwa wake humpa mkono, na kule kumpa mkono ndiko bai'a. Tukilifasiri twaandika kiapo cha utii, na tafsiri hiyo si mbaya. Walakini haituambii jambo moja lililo kubwa, yaani ni kitu gani kinachofungwa na kiapo hicho. Je, ni mtu peke yake, au ni mtu pamoja na ardhi anayoikanyaga?

Swali hili si la wanafunzi wa lugha tu. Mwaka 1975 mahakimu wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika mji wa The Hague, walikaa kulichungua, na katika jawabu lake palikuwa pamening'inia nchi yenye maili za mraba zipatazo 100,000, pamoja na watu wake. Nchi hiyo ni Sahara ya Magharibi, iliyokuwa koloni la Hispania. Nayo haikuwa peke yake. Kando yake zilikuwapo Tarfaya na Ifni, ambazo nazo zilishikwa na Wahispania, na zote tatu zilikuwa na jirani mmoja, Ufalme wa Moroko. Mbili zilirudishwa kwa jirani huyo bila makelele mengi ulimwenguni. Ya tatu imekuwa shauri lisilokwisha. Twataka kueleza sababu, na katika kueleza tutashika sana njia ya maneno na desturi, kwa kuwa tumeona kwamba wengi waandikao habari hizi huikimbilia siasa na kuyaacha maneno nyuma.

Msomaji wa Kiswahili akiitazama ramani ya nchi hiyo atakutana na jamaa zake. Sehemu ya kusini Wahispania waliiita Río de Oro, na Waarabu huiita Wad ed-Dahab, yaani mto wa dhahabu, ingawa mto haupo wala dhahabu haipo; jina lililetwa na mabaharia Wareno waliopata huko vumbi la dhahabu kwa biashara. Sehemu ya kaskazini ni Saguia el-Hamra, mfereji mwekundu. Watu wa magharibi, upande wa bahari, huitwa watu wa Sahel, nalo ni neno lile lile ambalo wingi wake, sawahil, ulitupa sisi jina letu na la lugha yetu. Baraza la wazee wao huitwa jemaa, na huyo ni jamaa wetu. Serikali ya Moroko tangu zamani huitwa makhzen, maana yake ghala au mahali pa kuwekea mali, nalo latoka katika shina moja na hazina. Jina hilo ladokeza jinsi raia walivyoiona serikali: ni pale panapokwenda kodi.

Wenyeji wa Sahara hiyo husema Kiarabu kiitwacho Hassaniya, ambacho kilienezwa na makabila ya Beni Hassan, na ambacho Wamoritania hukisema pia. Nacho si sawa na Kiarabu cha Fez au Marrakesh. Makabila makubwa ni Reguibat, Tekna, Ulad Delim na Ulad Tidrarin, pamoja na mengine madogo. Walikuwa wafugaji wa ngamia na mbuzi, na watu wamezoea kuwaita wana wa mawingu, kwa sababu mvua iliponyesha mbali waliikunja hema wakaifuata. Kwa watu wa namna hiyo mpaka ni neno lisilo na kazi nyingi. Walijua kisima kilichimbwa na ukoo gani, na malisho yapi ni ya nani katika mwaka mwema. Bali mstari uliopigwa kwa rula kutoka baharini hata jangwani haukuwazuia ngamia. Mambo mazito ya kabila, kama vita na fidia ya damu, yaliamuliwa na baraza la wazee liitwalo Ait Arbain, yaani watu 40.

Walikuwa na desturi moja ambayo wafasiri wa Maandiko wataitambua mara moja. Mtu au ukoo dhaifu uliotaka ulinzi wa wenye nguvu ulikwenda mbele ya hema yao ukachinja mnyama, na tendo hilo liliitwa debiha, ndilo dhabihu letu. Baada ya damu hiyo kumwagika, mwenye nguvu alifungwa kumlinda aliyechinja, naye aliyechinja alifungwa kutoa kitu kila mwaka. Lakini hakuna aliyesema kwamba kwa debiha malisho ya mnyonge yamekuwa milki ya mlinzi wake. Twaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Sasa tumtazame jirani. Sultani wa Moroko hakuvikwa taji. Alifanywa mfalme kwa bai'a: maulamaa, maliwali na wakuu wa makabila walimwandikia hati ya kumkubali, wakaweka majina yao. Hata katika zama zetu, katika sikukuu ya kiti cha enzi, wajumbe wa majimbo wamekuwa wakisimama safu kwa safu mbele ya jumba lake, wamevaa kanzu nyeupe, wakimwinamia apitapo juu ya farasi. Kwa desturi ya nchi hiyo zilihesabiwa sehemu mbili: nchi ya makhzen, iliyotoa kodi na askari, na nchi ya siba, iliyomtambua Sultani kuwa kiongozi wa dini na kumwombea katika khutba ya Ijumaa, lakini haikutoa kodi wala haikupokea maliwali wake, ila alipokuja na jeshi. Mstari kati ya hizo mbili ulisogea mbele na nyuma kwa kadiri ya nguvu za kila Sultani. Kusini kabisa, kupita mto Draa na Wad Noun, hata Wamoroko wenyewe walijua kwamba nguvu hizo ni hafifu.

Mwaka 1767 mfalme Carlos wa 3 wa Hispania alimtuma Jorge Juan, baharia na mtaalamu wa hesabu, kwenda Marrakesh kufanya mapatano na Sultani Sidi Mohammed ben Abdallah. Wahispania wa visiwa vya Kanari walitaka kuvua samaki na kujenga kituo kusini ya Wad Noun. Kifungu cha 18 cha mapatano yale chahusu ombi hilo, nacho kiliandikwa kwa lugha mbili. Kwa Kihispania chasema kwamba Sultani hatoi shauri juu ya kituo hicho, wala hachukui dhamana ya ajali zitakazotokea, kwa kuwa mamlaka yake hayafiki huko. Kwa Kiarabu chasema kwamba Sultani awaonya watu wa Kanari wasiende kuvua pande hizo, wala hachukui dhamana ya vile watakavyotendwa na Waarabu wa huko, kwa kuwa ni vigumu kuwapasisha amri watu wasio na makao. Tazameni tofauti. Katika maandishi ya kwanza Sultani akiri kwamba nchi si yake. Katika ya pili asema kwamba watu wake ni wakaidi. Karatasi ni moja, na siku ni moja! Miaka 208 baadaye mawakili walisimama The Hague, huyu ameshika Kihispania na huyu ameshika Kiarabu, na kila mmoja alikuwa na haki kwa lugha yake. Sisi tulio katika kazi ya kufasiri twajua jinsi jambo kama hilo linavyotokea bila mtu yeyote kusema uongo. Kila mfasiri humwandikia bwana wake maneno ambayo bwana wake ataweza kuyasoma bila aibu.

Mapatano mengine yalifuata, mwaka 1799 na mwaka 1861, na ndani yake Sultani aliahidi kusaidia kuwaokoa mabaharia Wahispania ambao jahazi zao zingevunjika katika pwani ile. Alifanya hivyo mara nyingi, kwa kutuma watu wa kubembeleza na fedha za kukomboa. Moroko husema: mtu huwezaje kuokoa watu katika nchi asiyoitawala? Wapinzani wake hujibu: mtu hukomboaje kwa fedha katika nchi anayoitawala?

Hapa twamkuta mtu mmoja ambaye historia yetu yamjua pia. Mwingereza Donald Mackenzie alichapisha mwaka 1877 kitabu cha kupendekeza kwamba maji ya bahari yafunguliwe yaingie Sahara, ili merikebu ziweze kusafiri mpaka karibu na Timbuktu. Bahari haikufunguliwa, bali Mackenzie alijenga kituo cha biashara huko Tarfaya, katika rasi ya Juby. Sultani hakupendezwa hata kidogo. Mwisho, kwa mapatano ya Machi 1895, Sultani alikinunua kituo hicho, na Uingereza ilikubali kwamba nchi kati ya mto Draa na rasi ya Bojador ni ya Moroko. Mwaka huo huo Mackenzie alikuwa Unguja na Pemba, ametumwa na chama cha Kiingereza cha kupinga utumwa kuchunguza hali ya watumwa. Wasomaji waliosoma taarifa yake ya Unguja huenda hawakujua kwamba mtu yule yule ndiye aliyempa Sultani wa Moroko hati bora kuliko zote alizo nazo mintarafu ya pwani ya Tarfaya.

Wahispania walikuja rasmi mwaka 1884. Emilio Bonelli alishuka pwani, akajenga vibanda mahali alipopaita Villa Cisneros, akafanya mapatano na masheikh wa hapo. Na mwezi Desemba serikali yake ilitangaza ulinzi wa pwani tangu rasi ya Bojador hata rasi ya Blanco. Amri ile ilisema waziwazi kwamba ulinzi umesimama juu ya mapatano na wakuu wenyeji. Neno hilo lilikuja kuwa na uzito, maana nchi isiyo na mwenyewe haina wakuu wa kupatana nao. Baadaye Wafaransa na Wahispania waligawana kwa mapatano ya 1900, 1904 na 1912, wakapiga mistari ile tuliyoitaja. Lakini kwa nusu karne Wahispania hawakukaa ila pwani. Smara, mji wa pekee ulioko bara, haukushikwa nao mpaka mwaka 1934.

Mji huo wa Smara wastahili kutajwa zaidi. Ulijengwa kuanzia mwaka 1898 na Sheikh Ma al-Aynayn, mwanachuoni mkubwa aliyetoka pande za Moritania, ambaye jina lake ni maji ya macho. Sultani alimsaidia kwa vifaa na mafundi, na silaha pia, naye alipiga vita na Wafaransa kwa jina la Sultani. Lakini alipoona kwamba Sultani wa Fez amewalegezea Wafaransa, alipanda kaskazini na watu wake mwaka 1910, wala si kwenda kutii. Wafaransa walimpiga huko Tadla, naye akafa Tiznit mwaka huo huo. Mwanawe El Hiba alitangazwa kuwa Sultani mwaka 1912, akauingia Marrakesh, kisha akashindwa. Basi, Ma al-Aynayn alikuwa mtu wa Sultani au mkuu wa nchi yake mwenyewe? Kila upande humwita wake, na hati wanazo. Kwa maoni yetu alikuwa yote mawili, kila jambo kwa wakati wake, na hiyo ndiyo bai'a jinsi watu wa jangwani walivyoielewa: hutolewa kwa anayelinda, na asipolinda hurudishwa.

Twende sasa kwa nchi zile mbili zilizorudi. Habari ya Ifni ina kichekesho chake. Katika karne ya 15 Wahispania wa Kanari walikuwa na ngome ndogo pwani, jina lake Santa Cruz de Mar Pequeña, ikapotea mwaka 1524. Walipomshinda Sultani katika vita vya 1859 na 1860, walidai warudishiwe mahali hapo pawe kituo cha wavuvi, naye akakubali. Lakini hakuna aliyejua palipokuwa. Walitafuta miaka mingi, wakakubaliana kusema kuwa ni Ifni, na hata hivyo hawakuikalia mpaka mwaka 1934, Kanali Capaz aliposhuka. Wenyeji wake ni Ait Ba Amran, wasemao Kiberiberi. Tarfaya ilikuwa chini ya Hispania kama sehemu ya kusini ya ulinzi juu ya Moroko wenyewe, kwa mapatano ya 1912. Moroko ulipopata uhuru mwaka 1956, Wahispania waliachia eneo la kaskazini, lakini Tarfaya waliikawiza. Novemba 1957 Ait Ba Amran pamoja na jeshi la ukombozi waliinuka, na vita vikaenea hata Sahara. Mwanzo wa 1958 Wafaransa na Wahispania walishirikiana kuvizima. Aprili mwaka huo Tarfaya ilikabidhiwa kwa Moroko. Na Ifni, ambayo Wahispania walikuwa wamebakiwa na mji wake tu, ilikabidhiwa Juni 1969, kwa mapatano ya Fez. Watu wa huko hawakupigiwa kura. Hatujasikia kwamba waliinuka kudai kitu kingine.

Kwa nini basi Sahara haikufuata njia hiyo? Jawabu ni katika maneno ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1965 Baraza Kuu liliitaja Ifni na Sahara pamoja. Mwaka 1966 liliyatenga mashauri hayo: juu ya Ifni liliitaka Hispania ipange namna ya kuikabidhi, na juu ya Sahara liliitaka iandae kura, ili wenyeji waseme wenyewe. Moroko wakati huo haukuikataa kura hiyo, kwa kuwa ulitumaini kushinda. Hispania nayo haikufanya haraka. Madini ya fosfati yaliyogunduliwa Bou Craa yalikuwa yakitengenezewa mkanda wa kuyapeleka baharini, wenye urefu wa karibu kilomita 100, na mwenye mkanda wa namna hiyo hafungashi mizigo upesi. Mwaka 1967 ilianzisha Jemaa, baraza la masheikh. Juni 1970 askari waliwapiga risasi waandamanaji huko El Aaiún, na kiongozi wao, Mohamed Bassiri, alikamatwa asionekane tena. Mei 1973 vijana waliunda chama cha Polisario. Ndipo, mwaka 1974, Hispania ilipotangaza kwamba kura itapigwa, ikahesabu watu. Walipatikana wenyeji 73,497.

Mfalme Hassan wa 2 alipoona kwamba kura ile huenda ikaleta uhuru, alitaka shauri liende The Hague, na Baraza Kuu likakubali. Mahakama iliulizwa mambo mawili. La kwanza: Hispania ilipofika, je, nchi ile ilikuwa haina mwenyewe? La pili: kama ilikuwa na wenyewe, palikuwa na vifungo gani vya sheria kati yake na Moroko, na kati yake na Moritania?

Moroko ulileta hoja ambayo twaiheshimu. Ulisema kwamba dola ya Kiislamu haipimwi kwa kipimo cha Ulaya. Kwamba haikusimama juu ya mipaka, bali juu ya umoja wa dini na bai'a ya makabila kwa Sultani. Na kuidai ionyeshe mawe ya mpaka ni kuihukumu kwa desturi ya wageni. Mahakama haikuidharau hoja hiyo, lakini ilijibu kwamba kifungo cha dini chaunganisha watu wengi walio chini ya wafalme mbalimbali, na kwamba utii, ukitakiwa kuwa dalili ya utawala, lazima uonekane katika matendo. Tarehe 16 Oktoba 1975 ilitoa maoni yake. Kwa sauti moja ilisema kwamba nchi haikuwa bila mwenyewe. Kwa kura 14 dhidi ya 2 ilisema kwamba vifungo vilikuwapo na Moroko, navyo ni utii wa baadhi ya makabila kwa Sultani. Na kwa 15 dhidi ya 1, kwamba vilikuwapo pia na Moritania, pamoja na haki fulani za ardhi. Kisha ikaongeza kwamba hakuna katika hivyo kilicho kifungo cha milki juu ya nchi, wala kilicho na nguvu ya kuizuia haki ya wenyeji kujiamulia.

Msomaji akumbuke sasa yule aliyechinja mbele ya hema. Mahakimu walifika, kwa njia yao ya vitabu, mahali pale pale ambapo desturi ya debiha ingaliwafikisha: mtu aweza kufungwa kwa mlinzi wake, na ardhi isifungwe. Tunaona kwamba walihukumu sawa. Lakini ilitosha wao kusema kwamba utii ulikuwako. Jioni ile ile Mfalme Hassan aliwatangazia watu wake kwamba Mahakama imekubali bai'a, na kwa kuwa katika sheria yao bai'a ndiyo utawala, basi nchi ni yao. Alitaka watu 350,000 waende kwa miguu, bila silaha, kila mmoja na Kurani. Tarehe 6 Novemba walivuka mpaka, wakarudi baada ya siku chache. Jenerali Franco alikuwa amelala katika ugonjwa wa kufa. Tarehe 14 Novemba serikali yake ilipatana Madrid na Moroko na Moritania kuwaachia usimamizi wa nchi. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuwa umezunguka nchi ile mwezi Mei, ukiongozwa na Simeon Aké wa Côte d'Ivoire, ulikuwa umeandika kwamba watu waliowaona walitaka uhuru. Kura iliyoahidiwa haikupigwa.

Katika siku zile Jemaa iligawanyika, na twaona hiyo ndiyo habari ya huzuni kuliko zote. Mwenyekiti wake, Khatri uld Said uld al-Jumani wa kabila la Reguibat, alikwenda Agadir mwanzo wa Novemba akampa Mfalme Hassan bai'a. Tarehe 28 Novemba wajumbe 67, wengi wa baraza lilo hilo, walikutana jangwani, Guelta Zemmur, wakalivunja baraza na kujiunga na Polisario. Wote walikuwa masheikh, na kila mmoja alisema kwa niaba ya ukoo wake. Zilikuwapo nyumba ambazo ndugu mmoja alikwenda huku na mwingine kule. Wahispania waliondoka Februari 1976, na siku moja baadaye Polisario ilitangaza Jamhuri. Watu maelfu walikimbilia Tindouf, katika Aljeria, wakajenga kambi ambazo walizipa majina ya miji waliyoiacha: El Aaiún, Smara, Dakhla. Shuleni mwao huko watoto husoma Kihispania baada ya Kiarabu, kwa hiyo lugha ya mkoloni imedumu hemani zaidi kuliko ilivyodumu mjini Sidi Ifni.

Vita hatuvisimulii kwa urefu. Moritania ilijitoa mwaka 1979, na mwezi Agosti masheikh wa Wad ed-Dahab waliletwa Rabat wakatoa bai'a. Moroko ukaichukua sehemu ile pia. Mara mbili shauri lilifika Afrika ya Mashariki, au mikononi mwa watu wake. Juni 1981, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Nairobi, Mfalme Hassan mwenyewe alisema kwamba akubali kura ipigwe, na kamati ya kuisimamia ikakutana huko huko. Novemba 1984, katika mkutano wa Addis Ababa uliomchagua Mwalimu Julius Nyerere kuwa mwenyekiti, Jamhuri ilikalishwa kitini, na Moroko ukatoka katika Umoja. Haukurudi mpaka mwaka 2017. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo, katika hukumu ya Septemba 2022, ilitambua haki ya watu wa Sahara kujiamulia, ingawa iliyatupa madai yaliyoletwa juu ya nchi 8, Tanzania mojawapo.

Vita viliposimamishwa Septemba 1991, Umoja wa Mataifa ulikubali kuendesha kura. Ndipo lilipozuka swali ambalo wachungaji na waalimu wa nchi za makabila wangelitabiri: nani ni mtu wa Sahara? Hesabu ya 1974 ilikuwa msingi, lakini wana wa mawingu hawakuwapo wote nyumbani siku ya kuhesabiwa. Basi tangu 1994 kila aliyeomba kuandikwa alisimama mbele ya tume, na kando yake walikaa masheikh wawili wa mlango wake, mmoja aliyeletwa na Moroko, mmoja na Polisario. Aliulizwa baba yake na babu yake, na alikozaliwa. Sheikh mmoja akisema namjua, aghalabu wa pili alisema simjui. Na pengine masheikh hao wawili walikuwa binamu. Kazi hiyo ilichukua miaka 5. Walisikizwa karibu watu 200,000, wakakubaliwa kama 86,000. Waliokataliwa walileta rufani zaidi ya 130,000.

Rufani hizo hazikusikizwa. Moroko uliacha kuikubali kura yenye njia ya uhuru, na mwaka 2007 ulileta shauri la kuipa Sahara serikali yake ya ndani chini ya Mfalme. Hispania, mkoloni wa zamani, iliitangaza njia hiyo kuwa bora mwezi Machi 2022. Mapigano yalikuwa yameanza tena tangu Novemba 2020. Majalada ya tume, yenye majina ya wale waliotaja baba na babu zao mbele ya masheikh wawili, yalifungwa katika masanduku yakapelekwa Geneva kuhifadhiwa.